Kazi ya mke wangu Kisumu, wateja wangu Mombasa

Mke wangu alipopata kazi Kisumu, jamaa zangu hawakuniuliza mshahara ni kiasi gani wala tutakaa mtaa gani. Waliniuliza swali moja, kila mtu kwa namna yake: na wewe je? Ami yangu, mtu ninayemheshimu sana, aliniita barazani kwake baada ya sala ya isha akaniambia, "Mwanangu, sisi tumezoea mume kumhamisha mke. Wewe unahamishwa na mke. Umelifikiria jambo hili?" Nikamjibu, "Nimelifikiria, ami." Hakusema zaidi, akaniombea dua. Imepita zaidi ya miaka miwili sasa, na nimeona familia nyingi zikihama kwa ajili ya kazi ya mmoja wao. Karibu zote huzungumza habari za aliyepata kazi tu. Anayemfuata huulizwa kama ameshafunga mizigo. Nataka kuandika habari za huyo anayefuata, kwa sababu ndiye mimi.

Mimi ni fundi cherehani. Ufundi niliupata kwa mjomba wangu, Majengo, Mombasa, na kibanda changu kilikuwa mtaani humo humo. Kazi yangu kubwa ilikuwa kanzu: za Idd, za harusi, za wazee wa msikitini, za watoto wa madrasa. Januari ikifika ni sare za shule. Katikati ya mwaka ni mapazia, marinda, foronya, na suruali za watu walionenepa au waliokonda. Mke wangu ni muuguzi. Kwa miaka alifanya kazi za kandarasi. Mkataba ukiisha anaomba upya, akikosa anakaa nyumbani mpaka mwingine utokee. Muuguzi wa Kenya huisubiri sana kazi ya kudumu yenye pensheni. Ilipotokea Kisumu, zaidi ya kilomita 800 kutoka kwetu, sikuweza kumwambia aiache. Nimemwona akisoma usiku huku mtoto amelala mapajani mwake. Niliitaka kazi ile pengine kumshinda yeye mwenyewe.

Tulikaa tukaandika, na hapa ndipo ningependa kila familia ianzie. Hatukuandika mshahara wake na kodi ya nyumba peke yake. Tuliandika na kazi yangu, mwezi kwa mwezi. Mapato ya fundi hayaji sawasawa kama ya mwajiriwa. Mimi mwaka wangu unabebwa na misimu miwili: Januari ya sare, na mwezi wa Ramadhani hadi siku ya Idd, wakati ambapo mashine haipoi. Kwa kuwa tungehama Novemba 2023, shule zikifungwa, maana yake ningeikosa Januari ya 2024 na pengine Ramadhani iliyoifuata mwezi wa Machi. Mtu anayetazama wastani wa mwezi angesema hasara ni ndogo. Ukiitazama misimu, unaona kwamba ninaacha sehemu kubwa ya mwaka mzima. Basi tukakubaliana kwamba akiba yetu yote haitaguswa kwa fanicha wala televisheni. Ni ya kunibeba mimi mpaka mji mpya unijue. Mke wangu ndiye aliyelisema hilo kwanza, na alilisema mbele ya mamangu. Sijui kama watu wanaelewa jambo hilo lilinipa nguvu kiasi gani.

Kuna kitu nataka kukieleza vizuri, kwa sababu asiye fundi hawezi kukijua. Nina daftari la vipimo, lenye jalada gumu la kijani lililochakaa pembeni. Kila ukurasa una jina juu, kisha urefu, bega, kifua, mkono, shingo. Pembeni nimeandika mambo yangu: "bega la kulia limeshuka", "hataki kola ya kusimama", "mfuko wa ndani wa simu", "amevunja mkono, acha nafasi". Kuna watu niliowapima mara ya kwanza wakiwa wanafunzi wa chuoni, kisha wakiwa bwana harusi, kisha wakaja na watoto wao. Mtu wa namna hiyo haji hata kibandani. Anapiga simu, "Fundi, mbili nyeupe, moja ya rangi ya maziwa," na pesa inaingia. Hajiulizi kama itamkaa. Hiyo ndiyo mali ya fundi, na haijengwi kwa mwezi wala kwa mwaka. Cherehani hupakiwa kwenye lori, lakini imani ya watu wale huwezi kuibeba ukaishusha kwenye mji ambako hakuna anayekujua.

Kibanda nilimwachia kijana niliyemfundisha mwenyewe. Tulikubaliana mbele ya mjomba: mashine mbili zibaki pale, kodi alipe yeye, na kila mwezi anitumie sehemu ya faida kwa muda wa mwaka mmoja, baadaye kibanda kiwe chake. Alitimiza ahadi yake bila kukumbushwa, Mungu amlipe. Mwaka ulipoisha nilimwambia mashine ziwe zake kwa bei nafuu, alipe kidogo kidogo.

Mke wangu alitangulia mwezi wa Septemba akapanga chumba kimoja, mimi nikabaki na watoto mpaka muhula uishe. Mtu akiweza kuipanga safari yake afanye hivyo. Binti yetu mkubwa alikuwa anamaliza gredi ya nne. Wakati ule uhamisho wa mwanafunzi ulipitia NEMIS, mfumo wa wizara ya elimu wa kuandikisha wanafunzi: mwalimu mkuu wa shule ya zamani alimwachilia mtoto kwenye mfumo, ndipo shule mpya imwingize. Nenda ukaufanye uhamisho kabla walimu hawajaondoka likizo. Na usimhamishe mtoto aliye gredi ya sita au ya tisa kama una hiari, kwa sababu mtihani wa taifa humfunga na shule iliyomsajili.

Mizigo ilikwenda na lori lililokuwa linapeleka nazi na maembe Kisumu. Dereva alituachia nafasi nyuma. Ilikuwa ni msimu wa mvua za El Niño, maji kila mahali, basi cherehani nilizifunga kama wagonjwa. Nilifungua vichwa kutoka kwenye meza, nikatoa sindano na bobini, nikapaka mafuta kila kiungo, nikazungushia mablanketi ya zamani, kisha nailoni, kisha turubai la lori juu. Ukanda wa ngozi niliuvua nikausafirisha kwenye begi langu. Sahani na vyungu walivifunga wengine.

Nyumba tulipata Migosi, vyumba viwili, shilingi 14,000 kwa mwezi. Mke wangu aliitafuta vizuri. Alikwenda kuzitazama nyumba siku za mvua, kwa makusudi, akitazama ukuta chini kama una alama za maji, kwa kuwa Kisumu iko sehemu kubwa kwenye tambarare na kuna mitaa inayofurika. Aliuliza majirani, si mwenye nyumba, kuhusu maji ya mfereji: yanakuja siku gani, saa ngapi. Mshahara wake wa kwanza ulichelewa, kama inavyowapata waajiriwa wengi wapya, na akiba ile tuliyokataa kuigusa ndiyo iliyolipa kodi. Kwa anayehama kwa ajili ya kazi mpya: usihesabu mshahara mpaka uuone.

Watoto walihama na bahari vichwani mwao. Binti yangu alizoea kuogelea Pirates, ufuko wa Mombasa, kila Jumapili jioni. Wiki ile ya kwanza tulipowapeleka Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, alipoyaona maji tu akaanza kuvua viatu. Ikabidi nimshike mkono. Mke wangu alimkalisha kwenye mtumbwi uliopinduliwa ufukweni akamweleza taratibu: maji ya ziwa yana konokono wanaobeba kichocho, na vijidudu vyake huingia kwenye ngozi ya mtu anayeoga au kucheza majini. Tena kuna viboko. Mvuvi mmoja aliyekuwa anashona wavu wake alimsikia akaongeza, "Mama anasema kweli, mtoto wangu. Kiboko jioni anapanda huku." Binti yangu alilia. Hakulia kwa hasira. Alilia kama mtu aliyeambiwa rafiki yake hatakuja tena. Kwangu mimi, katika mambo yote ya kuhama, hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu halikuwa na dawa. Nazi unaweza kuinunua Kisumu kwa bei ya juu, mahamri unaweza kuyapika mwenyewe, lakini bahari haipo.

Samaki wa ngege binti yangu aliwakubali haraka, ingawa mdogo wake alichukua muda kuzoea miiba yao. Omena, dagaa wa ziwani, watoto wanawala sasa kuliko mimi. Mdogo kabisa alifika akiwa na miezi sita, na kwa bahati ndiyo miezi ambayo chanjo ya malaria huanza. Kaunti za eneo la ziwa ndizo zilizoanza kupewa chanjo hiyo, tangu mwaka 2019, kwa kuwa malaria huku ni kali. Mtoto hupata dozi akiwa na miezi 6, 7 na 9, kisha ya nne baadaye. Mombasa asingeipata. Mke wangu hakungoja hata mizigo ifunguliwe. Alikwenda naye kliniki. Neti zilikuwa kitu cha kwanza kutundikwa nyumbani, kabla ya pazia lolote, na mimi ni mshonaji wa mapazia.

Sasa nirudi kwa kazi.

Wiki zile za mwanzo niliweka mashine moja sebuleni nikashona nguo za nyumba yetu. Asubuhi mke wangu anaondoka, watoto bado wako likizo, mimi ninabaki. Wanaume wa ploti wanapita kwenda kazini wananisalimu. Hakuna aliyenidharau, niseme ukweli. Lakini mwanamume aliyezoea kuamka na kukuta watu watatu wanamngoja kibandani anahisi kitu anapoamka na hakuna anayemngoja. Sikulala vizuri. Nilikuwa ninapitia daftari la kijani usiku, ninasoma majina. Mke wangu aliniona. Hakuniambia nivumilie. Aliniuliza, "Sare za wauguzi unaweza kuzikata?" Nikamwambia nikiona moja nitaweza. Akavua yake akanipa.

Niliifumua nikaichora upya kwenye karatasi. Sare ya kununuliwa dukani hukatwa kwa mwili usio wa mtu yeyote: kifua kinabana, mfuko uko mbali na mkono, kwapa linapasuka muuguzi akinyanyua mgonjwa. Mimi niliongeza kipande kidogo cha pembe nne kwapani, kama tunavyofanya kwenye kanzu ili mkono uinuke bila kuvuta nguo yote. Ufundi huo ni wa zamani, wazee wetu waliutumia kabla hatujazaliwa. Mke wangu akaivaa zamu ya usiku. Asubuhi alirudi na oda za wenzake, vipimo ameviandika nyuma ya karatasi ya dawa. Hapo ndipo nilipojua tutakaa.

Kutoka hapo nilipata kibanda, shilingi 3,500 kwa mwezi, kando ya barabara mahali ambapo watu wanashukia matatu. Jumapili nilikuwa ninaipeleka mashine ya miguu Kibuye, sokoni, upande wa mitumba. Kibuye Jumapili ni bahari ya watu. Mtu ananunua suruali ya mtumba, inampwaya, anaileta kwako palepale uipunguze kiuno na upindo huku anangoja amesimama. Ni kazi ya senti ndogo, na kuna mafundi wa kanzu wanaoiona ya chini. Mimi nasema kwa fundi mgeni hakuna mahali bora. Kwa siku moja unashika miili mingi. Unajifunza watu wa mji wanapenda suruali ivaliwe vipi, wanalipa kiasi gani bila kunung'unika, na wao wanajifunza sura yako. Walianza kuniita Mombasa. "Mombasa, nipunguzie hapa." Wengi mpaka leo hawajui jina langu jingine.

Nguo ilinifundisha mji. Vitambaa ninanunua kwenye maduka ya Oginga Odinga Street, mengi ya Wahindi ambao familia zao zimekuwa hapa tangu zama za reli kufika ziwani, mwaka 1901. Wazee wanaokuja kushonesha hunieleza habari za Kicomi, kiwanda cha pamba kilichokuwa kinatengeneza kitambaa hapa hapa Kisumu na kuajiri watu wengi kabla hakijafungwa. Mzee mmoja alinishikia upindo wa kitambaa cha tetroni kati ya vidole viwili akaniambia, "Hii haina uzi. Sisi tulikuwa na uzi." Namwamini. Na kuna jambo jingine ambalo fundi wa pwani atalifurahia: sindano hazipati kutu. Mombasa hewa ya chumvi inakula kila chuma, ukiacha pakiti ya sindano wazi mwezi mmoja zinakuwa na madoa na zinaharibu kitambaa cheupe. Hapa naacha kopo wazi, zinang'aa.

Kazi iliyonitambulisha hasa ilikuja kwa msiba. Jirani yetu alifiwa na babake, kwao Seme. Alikuja Jumatano jioni na vitenge, akaniambia familia inataka kuvaa sare siku ya mazishi, Jumamosi, na Ijumaa asubuhi watakwenda kuutoa mwili mochari. Mwanamke yule hakuwa na nguvu hata ya kuongea. Niliwapima wote sebuleni kwao, mmoja baada ya mwingine, watu wanaingia na kutoka wakilia. Tulishona usiku kucha, mke wangu akitia vifungo baada ya zamu yake. Ijumaa alfajiri zilikuwa tayari, zimepigwa pasi. Sikumdai pesa ya haraka. Kwetu haitozwi kwa msiba. Walinialika, nami nikaenda Seme, nikapita kwenye mawe makubwa ya Kit Mikayi, nikaketi chini ya hema pamoja na wazee. Walinipa heshima ya mgeni aliyeshiriki. Tangu siku hiyo Jumatano na Alhamisi zangu hazina nafasi, kwa kuwa watu wengi huku huzika Jumamosi, na familia hupenda kuvaa kitambaa kimoja.

Jingine sikulitarajia kabisa. Nilidhani kanzu nimeziacha Mombasa. Kumbe magharibi ya Kenya kuna makanisa ambayo waumini wake huvaa kanzu: watu wa Roho na kanzu zao nyeupe zenye msalaba mwekundu, Legio Maria na rangi zao nyingi. Siku moja akaja mama mmoja wa makamo, wa kanisa la Roho, akaitazama kanzu yangu niliyovaa mimi mwenyewe kwa ajili ya Ijumaa. Akaugeuza upindo wa mkono akatazama ndani, kama anavyotazama mtu anayejua.

"Fundi, hii umeshona wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Nataka kama hii. Pana zaidi chini, nicheze nayo. Na msalaba hapa."

Nikanyamaza kidogo. Yeye akanitazama, akatazama kofia yangu, akaelewa kabla sijatafuta maneno. Akasema, "Wewe nishonee kanzu. Msalaba nitautia mwenyewe nyumbani, ndiyo vizuri, niutie nikiwa naomba." Nikamshukuru. Nilimkatia kwa upana aliotaka, na kwapani nikamtilia kile kipande cha pembe nne. Amewaleta wenzake wengi, na wote wanajua utaratibu: mimi kanzu, wao msalaba. Nimefikiria mara nyingi juu ya adabu ya mama yule. Hakunilazimisha wala hakuondoka. Alipata njia ya kuniheshimu bila kupunguza chochote cha imani yake.

Ramadhani ya 2024 ilinikuta hivyo, sina kibanda Mombasa lakini nina mikono. Ami yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga simu. "Nishonee moja ya Idd. Vipimo unavyo." Nikavitoa kwenye daftari, nikakata, nikashona, nikaituma kwa basi. Baada yake wakafuata wengine. Kijana wangu Majengo huwapima watoto, maana watoto hukua, ananitumia namba kwa WhatsApp, mimi nashona zinazohitaji mkono wangu, naye anashona zilizobaki. Si wote walionifuata, na siwalaumu. Mtu anataka fundi aliye karibu.

Ramadhani ile ya kwanza watoto waligundua kitu. Kisumu iko mbali magharibi ya Mombasa, nasi tunatumia saa moja nchi nzima, kwa hiyo jua la hapa huzama kama dakika 20 baadaye. Bibi yao anapiga simu, "Mshafuturu?" na nyuma yake tunasikia vijiko, na sisi bado tumekaa mbele ya sahani. Binti yangu alimuuliza mamake kama Mungu anatupa thawabu za dakika 20 zaidi. Mamake akamwambia daku pia sisi tunachelewa kufunga kula, kwa hiyo hesabu ni sawa. Mwaka uliofuata alikuwa anamweleza mwanafunzi mwenzake wa madrasa, mtaa wa Kaloleni hapa Kisumu, habari za nyuzi za longitudo, kila moja dakika nne, kama mwalimu. Yuko gredi ya saba sasa. Bahari bado anaiulizia, na Disemba tukienda Mombasa hatoki majini.

Kwa wanaojiandaa kuhama nasema hivi. Yule aliyepata kazi ana ofisi inayomngoja, ana watu watakaomwonyesha choo kiko wapi na chai inanywewa saa ngapi. Yule anayefuata hana anayemngoja. Basi mwenye kazi ndiye awe mlango wake. Amtaje kazini kwake: mume wangu ni fundi, mke wangu anapika, anafundisha, anasuka. Ampe pesa mkononi ya kuanzia, isiwe ya kuombwa kila asubuhi. Aseme mwenyewe kwa jamaa kwamba uamuzi ni wa wote wawili, kwa sababu maneno ya jamaa humfikia yule asiye na kazi kwanza. Na anayefuata auone mji kabla ya kuhamia, hata kwa siku chache, atembee sokoni, aulize bei za ufundi wake, ajue msimu wa kazi yake huko ni upi. Mimi sikujua kwamba msimu wangu ungekuwa Jumatano.

Kama una cherehani na unakuja Kisumu, njoo Septemba au Oktoba, usingoje Januari. Wazazi wengine huanza kushonesha sare Novemba, na fundi wanayemjua ndiye wanayempelekea. Tafuta kibanda karibu na kituo cha matatu, chenye mwavuli mkubwa au paa lililotokeza mbele, kwa maana mvua ya hapa hupenda kuja alasiri na upepo wa ziwa, na kitambaa cha mteja kikilowa ni chako. Mashine ya miguu usiiuze, umeme ukikatika Alhamisi usiku ndiyo itakayokutoa.